Je, Wajua? Draiva Zinazopachikwa Kompyuta Ikiwa Kazini

Wiki hii safu inavuka feri. Tuko Mombasa bara: kwenye saiba za Likoni, kwa mafundi wa simu na laptopu wa Kisauni, na kwenye gereji za malori kando ya barabara ya Changamwe kuelekea Miritini. Mada ni draiva, hasa zile zinazojengwa kama moduli, yaani vipande vinavyopachikwa kwenye kerneli na kuchomolewa bila kompyuta kuzimwa. Kama hujui kerneli ni nini usifunge ukurasa, maana tunaanzia hapohapo.

Je, wajua kwamba ukiwa na simu ya Android, tayari una kerneli ya Linux mfukoni? Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu kwenye prosesa, na inayosema na skrini, kamera, spika na betri. Tecno, Infinix na Samsung za Android zote zimejengwa juu ya kiini hicho, alichokitangaza Linus Torvalds tarehe 25 Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Wakati huo alisema ni jambo la kujifurahisha tu.

Je, wajua kwamba kerneli yenyewe haijui lolote kuhusu modemu yako? Anayejua ni draiva: programu inayofahamu ni baiti gani zipelekwe kwenye kifaa, kwa mpangilio gani, na jibu lisomwe vipi. Mwanzoni mwa 2025 msimbo wa Linux ulivuka mistari milioni 40, na zaidi ya nusu yake ni draiva.

Nani basi anaweza kubeba zote hizo? Hakuna. Ndiyo maana, wakati wa kujenga kerneli, karibu kila draiva huulizwa swali moja lenye majibu matatu. Andika make menuconfig uone: nyota maana yake draiva inaingia ndani ya kerneli moja kwa moja, herufi M maana yake inajengwa kando kama moduli, na nafasi tupu maana yake haipo. Wanaotengeneza Ubuntu, Debian na Fedora hujibu M kwa maelfu ya draiva, kwa sababu hawajui kama mfumo wao utaishia kwenye Dell ya mtumba huko Bamburi au kwenye seva ya benki. Faili za moduli hubeba kiambishi cha .ko, zinakaa chini ya /lib/modules, na kila moja husubiri siku yake. Kwa nyingi, siku hiyo haifiki kamwe.

Je, wajua kwamba mwanzoni mambo hayakuwa hivyo? Linux 1.0 ya Machi 1994 ilikuwa na mistari 176,250, na kwa kawaida draiva uliyoitaka uliijenga ndani. Ukinunua kadi mpya ya mtandao, unajenga kerneli upya, unazima, unawasha, unaomba Mungu. Moduli zilizoeleka baadaye.

Daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwaka 2021 kuwavusha watu kwa miguu kati ya kisiwa na Likoni, lilijengwa na kipande cha katikati kinachoondolewa ili meli ipite kuingia Kilindini. Moduli ni kipande cha namna hiyo: daraja haliondoki, kipande tu. Na kama vile huwezi kukifungua watu wakiwa juu yake, kerneli nayo huhesabu watumiaji wa kila moduli. Andika lsmod uone safu tatu: jina, ukubwa, na idadi ya wanaoitumia. Ikiwa idadi si sifuri, amri ya rmmod hukataliwa, na utaambiwa moduli iko kazini.

Je, wajua kwamba ile modemu ya USB iliyowapa watu wengi intaneti yao ya kwanza ilikuwa ikijifanya sidii? Waliofungua saiba Likoni au Mtongwe kati ya 2008 na 2012 wanazikumbuka modemu za Huawei zilizouzwa na Safaricom. Ukiichomeka kwenye Windows, linatokea dirisha la kusakinisha programu. Programu hiyo ilikuwa ndani ya modemu yenyewe. Ilipochomekwa, modemu ilijitambulisha kama kisoma sidii chenye sidii ndani yake, Windows ikasoma, ikasakinisha draiva, kisha draiva ikaiambia modemu ivue kanzu hiyo na iwe modemu.

Kwenye Linux hakuna aliyeiambia ivue. Mtu anaichomeka, anaona sidii, haoni modemu, anahukumu kwamba Linux haifai. Dawa ilikuwa programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, ambayo kazi yake ni kutuma ujumbe mfupi tu wa kuigeuza. Kwa modeli kama E1550, namba ya kifaa ilikuwa 12d1:1446 kabla ya kugeuzwa na 12d1:1001 baada yake. Hapo ndipo moduli iitwayo option inapoitambua na kuipa jina /dev/ttyUSB0, na mtu akaingia mtandaoni. Moduli hiyo ilipata jina kutoka kwa kampuni ya Ubelgiji, Option, ambayo kadi zake ndizo ilizoandikiwa kwanza. Huawei alikaribishwa baadaye, na wengine wengi wakafuata.

Na hizo namba? Kila kifaa cha USB kina kitambulisho cha herufi na tarakimu nane: nne za mtengenezaji, nne za bidhaa. 12d1 ni Huawei. Amri ya lsusb inakuonyesha zote. Moduli nayo hubeba orodha ya vitambulisho inavyovitambua, na kifaa kinapochomekwa, mfumo hulinganisha orodha hizo na kuita moduli inayofaa kabla hujamaliza kupepesa macho. Ukitaka kuichungulia orodha ya moduli fulani, andika modinfo na jina lake.

Je, wajua kwamba mwaka 2014 kampuni moja iliua kebo za watu kupitia draiva? Hii iwafikie mafundi wa malori wa Changamwe, maana wao ndio wanaoishi na kebo hizi. Kebo ya kusomea kompyuta ya gari mara nyingi ina chipu ya kugeuza USB kuwa laini ya mfululizo, na chipu maarufu kupita zote ni za kampuni ya FTDI ya Scotland. Umaarufu huo ulizaa bandia nyingi. Oktoba 2014 FTDI ilitoa draiva mpya ya Windows, iliyowafikia watu kupitia masasisho ya kawaida. Draiva hiyo ilipokutana na chipu bandia, iliiandikia upya kitambulisho chake na kuweka sifuri nne. Kuanzia hapo Windows haikuitambua tena kebo hiyo, hata ukiihamishia kompyuta nyingine.

Fikiria fundi aliyenunua kebo yake kwa bei ya rahisi, bila kujua lolote kuhusu bandia, asubuhi anaichomeka mbele ya dereva anayesubiri kurudi barabarani, na kebo ni maiti. Kelele zilikuwa kubwa na kampuni ikaiondoa draiva hiyo. Upande wa Linux walifanya jambo ambalo mimi naliona la kiungwana: waliongeza kitambulisho cha sifuri nne kwenye moduli ya ftdi_sio, kwa hivyo kebo iliyouawa kwenye Windows ikafufuka kwenye Linux. Mstari huo bado umo ndani ya kerneli.

Je, wajua kwamba Linux ina ujumbe wa kukuarifu kwamba printa inawaka moto? Umo kwenye draiva ya zamani ya printa, lp, na hutokea printa inapotoa ishara ya hitilafu ambayo draiva haielewi. Moto haupo. Ni mzaha wa miaka mingi ambao hakuna aliyetaka kuufuta.

Na hili je: draiva ya printa ya saiba yako kwa kawaida haimo kwenye kerneli kabisa. Kuchapa kwenye Linux hupitia mfumo wa CUPS, unaofanya kazi nje, pamoja na programu nyingine za kawaida. Kosa la kuchapa fomu ya kodi ya KRA litakwamisha printa peke yake, kompyuta haitaanguka.

Je, wajua kwamba mifumo ya mafaili nayo ni moduli? Flashi ya mteja inapochomekwa, vfat au exfat huitwa kazini. Microsoft ilichapisha maelezo ya exFAT mwaka 2019, na Novemba mwaka huohuo Linux 5.4 ikaja na draiva yake.

Ile sauti ya "biip" inayokera kwenye kompyuta za zamani? Ni moduli iitwayo pcspkr. Unaipiga marufuku kwa mstari mmoja ndani ya /etc/modprobe.d.

Sasa tuje Kisauni, kwenye kero ninayoulizwa mara nyingi kuliko zote. Umenunua laptopu ya mtumba kutoka Uingereza, ukaweka Linux, na WiFi haipo. Draiva yake inapatikana mtandaoni. Mtandao unahitaji draiva. Wengi hukata tamaa hapo, na sioni sababu. Chukua simu yako yenye bando, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha washa chaguo la kugawa intaneti kwa USB. Moduli za rndis_host, cdc_ether na usbnet zimo ndani ya karibu kila Linux ya kompyuta, na simu itaonekana kama kadi ya mtandao ya waya. Pakua draiva ya WiFi, isakinishe, chomoa waya. Umemaliza.

Kerneli yenyewe ina fumbo la aina hiyo kila inapowaka. Moduli ya kusoma diski imo ndani ya diski, itaisomaje? Jibu linaitwa initramfs: kifurushi kidogo chenye moduli za lazima, ambacho programu ya kuwashia hukipakia kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli. Kerneli hufungua kifurushi, hupata draiva ya diski, kisha husoma diski halisi. Ikikosekana moduli moja tu humo, mashine hukwama njiani ikidai haioni diski, na watu huenda kununua diski nyingine bure.

Je, wajua kwamba Juni 2009 mambo mawili yalitokea katika wiki moja? Tarehe 9 Juni ilitoka Linux 2.6.30. Tarehe 12 Juni, Rais Mwai Kibaki aliipokea rasmi Mombasa kebo ya TEAMS, iliyotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu. Julai ikafuata SEACOM. Msimbo wa kerneli hiyo, ukibanwa, ulikuwa karibu megabaiti 60. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56, hiyo ni zaidi ya saa mbili, tena laini isikatike hata mara moja. Kwa megabiti 10 ni chini ya dakika moja. Kabla ya kebo hizo, njia nyingine ya kupata Linux ilikuwa posta: Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilikutumia sidii nyumbani bila malipo. Huduma hiyo ilifungwa 2011.

Je, wajua kwa nini draiva iliyofanya kazi jana hugoma leo baada ya sasisho? Kila moduli ina mhuri wa toleo la kerneli iliyojengewa. Mhuri usipolingana, kerneli hukataa kuipokea. Na si ukaidi. Ndani ya kerneli, wajenzi wake wana uhuru wa kubadilisha miundo na majina ya kazi kila toleo, na hawaahidi kuvitunza vya jana kwa ajili ya draiva zilizo nje ya msimbo rasmi. Draiva iliyo ndani ya msimbo rasmi hurekebishwa na yule aliyefanya mabadiliko. Iliyo nje, mwenyewe atajijua. Kwa hizo za nje, kama draiva za vile vijiti vya bei nafuu vya WiFi, kuna zana iitwayo DKMS, iliyobuniwa na kampuni ya Dell mwaka 2003: kila kerneli mpya ikiingia, yenyewe huijenga moduli upya. Ukiwa na kijiti cha aina hiyo, hakikisha umeweka DKMS kabla ya kusasisha, usingoje baadaye.

Kama ulinzi wa kuwasha mashine, yaani Secure Boot, umewezeshwa, kuna kizingiti kingine: moduli isiyo na saini inayotambuliwa hukataliwa. Uwezo wa kuzitia moduli saini uliingia Linux 3.7, Desemba 2012. Ubuntu itakuomba ubuni nenosiri wakati wa kusakinisha draiva, kisha uliandike tena mashine ikiwaka, kwenye skrini ya bluu inayowatia watu hofu. Soma polepole, chagua kuandikisha ufunguo, endelea.

Je, wajua kwamba unaweza kuandika moduli yako leo, kwa Kiswahili? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ujumbe rasmi wa kerneli yenyewe hauna tafsiri. Ni Kiingereza kitupu. Ila moduli yako itasema unachotaka wewe. Fungua faili salamu.c. Andika kazi mbili fupi: moja ya kuingia, ambayo kwa printk inaandika "Hujambo kutoka Likoni", na moja ya kutoka, inayoandika "Kwaheri". Zitambulishe kwa module_init na module_exit, kisha weka mstari wa MODULE_LICENSE("GPL"). Ukiusahau mstari huo, kerneli za sasa zitagoma kukamilisha ujenzi. Kwenye faili la Makefile, mstari mmoja:

obj-m += salamu.o

Kisha, ukiwa ndani ya folda hiyo:

make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules

Utapata salamu.ko. Ipachike kwa sudo insmod salamu.ko, andika sudo dmesg, na mstari wa mwisho utakuwa salamu yako, imeandikwa na kiini cha mfumo chenyewe. Iondoe kwa sudo rmmod salamu. Vijana wa vyuo, hili ni zoezi la alasiri moja.

Lakini fanya zoezi hilo kwenye mashine isiyo na kazi ya mteja. Moduli ikishaingia, haina ulinzi wala mipaka: inagusa kumbukumbu yote, na kosa moja la kuelekeza mahali pasipo sahihi huangusha kila kitu. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona. Programu ya usalama ya CrowdStrike, ambayo draiva yake hukaa ndani ya kerneli ya Windows, ilisoma faili la data lenye kasoro, na kompyuta milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaangukia skrini ya bluu. Kwa kuwa draiva ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuwaka, kuwasha upya mara nyingi hakukusaidia; mashine nyingi zilihitaji mtu kwenda kulifuta faili hilo kwa mkono.

Ugomvi kuhusu kama draiva zikae ndani ya kerneli ni wa zamani. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeandika mfumo wa MINIX, alimwambia Torvalds hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati, kwa sababu draiva zinapaswa kukaa nje ya kerneli ili moja ikifa nyingine ziishi. Torvalds hakukubali. Moduli hazikumaliza ubishi huo: zinaingia na kutoka, ila zikiwa ndani zina mamlaka yote. Kwa nadharia naona Tanenbaum alikuwa na haki. Kwa simu na seva tunazotumia, Torvalds alishinda. Lakini mwaka 2017 ilijulikana kwamba MINIX ilikuwa ikikimbia kimyakimya ndani ya chipu za Intel, kwenye sehemu yake ya usimamizi. Huenda basi laptopu yako ya mtumba ina mifumo ya mahasimu wote wawili.

Je, wajua kwamba kerneli hujiwekea alama ikiingiziwa moduli ya siri? Moduli isiyo na leseni huria huitia doa, na wataalamu wengi hawatasikiliza malalamiko yako hadi uiondoe. Mwaka 2012, mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aalto, Torvalds aliinyooshea Nvidia kidole cha kati kwa sababu ya ubahili wa aina hiyo. Mei 2022 Nvidia ilichapisha msimbo wa moduli zake za kerneli.

Kuna la simu pia. Zamani kila mtengenezaji aliichukua kerneli, akaibomoa na kuijaza draiva zake, na kusasisha kukawa shida. Tangu Android 12 ya 2021, simu mpya zinazotoka na kerneli 5.10 au ya juu zaidi zinatakiwa kutumia kerneli moja ya pamoja kutoka Google, na draiva za MediaTek, Unisoc au Qualcomm zikae kando kama moduli. Viraka vya usalama vya kiini vinaweza kufika bila kumgusa mtengenezaji wa chipu.

Kwa hiyo, ukiambiwa kifaa chako kimekufa ukanunue kingine, mwombe fundi aandike amri mbili kwanza: lsusb, aone kama kitambulisho kinaonekana, na dmesg, aone kerneli ilisema nini kifaa kilipochomekwa. Namba ikionekana, kifaa kinajibu. Tafuta moduli yake. Isipoonekana kabisa, jaribu waya mwingine kabla ya kufungua mfuko.